Mwalimu Aliyekuwa Akilinda Betri

Amina. Hiyo amina ni ya watu wenye njaa, nimeitambua. Vumilieni jamani, makande yako jikoni na hayana miguu. Na ninyi wa kule nyuma mliokwisha kuegemea nguzo ya turubai, kaeni vizuri. Mchana huu sitasema maneno mengi. Nina mfano mmoja tu.

Nawapa habari za mtu na mkewe. Msianze kugeuka na kunong'onezana, "Hapo anawasema akina fulani." Simsemi mtu. Hawa nimewatunga mwenyewe, na ukijiona humo, hilo ni lako na Mungu wako.

Mume alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Kufundisha ndiyo ilikuwa kazi yake, lakini raha yake, kile alichokiwaza hata wakati wa kula, ni vitu vya umeme. Mnawajua watu wa namna hiyo. Akirudi shuleni anavua koti, anavuta kiti, na meza ya chakula imejaa redio zilizotumbuliwa matumbo. Mke amesimama na sahani mkononi. "Mwalimu, leo tule wapi?" "Subiri kidogo mke wangu, hii imekaribia kusema." Haijasema mpaka leo. Mama Nakijwa, umecheka sana, nadhani kwako mambo ni hayo hayo.

Basi, watu hawa, kama ninyi hapa, kila mwaka walikwenda makambi. Wanafunga magodoro, sufuria, ndoo na nguo za Sabato, wanapanda lori pamoja na wenzao, wanakwenda kupiga hema uwanjani na kukaa juma zima wakilisikiliza neno. Na mwalimu hakwenda na kandili kama watu wengine. Thubutu! Alikuwa na taa yake. Aling'oa balbu kwenye lori bovu, ile balbu ya zamani yenye kiuzi ndani, akaifungia waya, akaiunga na betri ya gari, akaitundika kwenye mti mbele ya hema. Ikiwaka ilitoa mwanga wa njano, rangi ya samli. Ukiisogelea, uso unapata joto. Watoto wa mahema ya jirani walikuwa wanakuja kupasha mikono joto.

Lakini balbu ile ilikuwa mlafi. Ilikula betri kama mgeni asiyejua kwamba chungu ni cha watu wengi. Ukiisahau ikawaka mpaka asubuhi, betri imekufa, na pa kuichaji ni huko chini mjini, kwa hiyo ujitwike uteremke nayo mlima. Ikawa lazima mtu akae na taa. Na mtu huyo alikuwa mwalimu mwenyewe. Kila jioni, ibada ikiisha, alitoa kigoda, akakaa chini ya taa, akangoja mpaka mtu wa mwisho wa nyumba yake aingie hemani. Ndipo anachomoa waya na kwenda kulala.

Walikuwa na mtoto mmoja, binti, jina lake Nakundwa. Huyu aliimba kwaya, na wanakwaya mnawajua. Wenzao wote wameshaingia kwenye mahema, wao bado wanabishana sauti ya tatu imekosea wapi. Msinitazame hivyo, wanakwaya, ni kweli. Nakundwa akitoka mazoezini, kuna giza na mahema yote yamefanana, lakini anaiona ile njano kwa mbali, na chini yake mtu ameketi. Akifika, baba anamtazama mara moja tu.

"Umefika?"

"Nimefika, baba."

"Haya, ingia."

Anachomoa waya. Basi, imeisha. Hayo ndiyo yalikuwa mapenzi ya wazee wetu, hukumbatiwi wala hupigwi busu. Lakini mtoto yule alikua akijua jambo moja ambalo hakuna aliyemkalisha chini akamfundisha: kwetu sisi, taa ikiwaka, kuna mtu yuko macho, na anayengojwa ni mimi.

Mtoto akawa mtu mzima. Akampenda kijana ambaye baba yake hakumtaka. Kwa nini hakumtaka? Yaacheni hayo, tukianza kuyachambua mtapigana humu humu. Baba alikataa, mama alilia, binti alishikilia. Siku anaondoka, mwalimu alisimama mlangoni akatamka neno ambalo mzazi hapaswi kulitamka. Alisema, "Ukitoka na huyo, usinitafute." Maji yakimwagika hayazoleki. Binti akatoka, na kwa kuwa ukaidi aliurithi kwa baba yake yule yule, kweli hakumtafuta.

Namsikia mtu hapa mbele anasema, "Mchungaji, si kuna simu?" Ndiyo, simu zipo. Mama alikuwa na namba, siku moja ikaacha kupatikana. Baba hakuiomba hata siku moja. Na wewe unayeuliza, mfukoni mwako mna namba ya ndugu yako ambaye hamjasemeshana tangu msiba wa shangazi yenu, kwa hiyo habari za simu tuziache.

Makambi yaliyofuata wakaenda wawili. Mwalimu akatundika taa yake, akatoa kigoda, akakaa. Mama akaingia, akatandika, akajilaza. Akangoja. Nje kimya. Sasa niambieni, anayesubiriwa ni nani? Kwaya hakuna. Mtoto hakuna. Watu wote wa nyumba ile wameshaingia, yaani mama peke yake. Mama akachungulia.

"Baba Nakundwa, njoo basi ulale."

Mjue kwamba mume alikuwa amekwisha kumkataza, "Usiniite tena hivyo, niite Mwalimu." Mama alisikia, akaitikia ndiyo, na akaendelea kumwita Baba Nakundwa mbele ya watu na pembeni. Mwanamke yule alikuwa na njia zake za kubishana.

"Nakuja," mume akajibu.

"Unafanya nini huko nje?"

"Naangalia betri."

Ati betri! Jamani, betri inaangaliwa? Itakwenda wapi? Zima taa, uone kama haitalala hapo hapo ilipo. Lakini mke mwenye akili hakuuliza mara ya pili. Alijua. Macho ya mumewe hayakuwa kwenye betri hata kidogo, yalikuwa kwenye ile njia inayotoka getini. Akajifunika blanketi mpaka kichwani akaomba, "Bwana, mlete mtoto wangu. Hata kama atakuja kututukana, wewe mlete tu."

Mwaka wa pili ikawa hivyo, na miaka mingine baada ya huo. Wanaume tumelelewa vibaya, ndugu zangu. Mwalimu yule aliweza kuwafundisha watoto wa watu kuandika insha nzima, lakini kusema kwa kinywa chake, "Nina hamu na mwanangu," hakuweza. Hamu ilikuwa inamla. Akipita dukani akaona kitambaa cha rangi aliyoipenda binti yule, anasimama, anakishika, anakiacha. Wanakwaya wakiimba wimbo aliokuwa akiuongoza, anatoka nje kana kwamba anakohoa. Lakini akipewa betri ya kulinda, anakaa nayo mpaka umande unamlowanisha mabega. Betri ilimpa ruhusa ya kungoja.

Ndipo zikaja taa za LED.

Nisisingiziwe, mimi sina ugomvi na LED. Nyumbani kwangu ndizo zilizojaa, na hizo zilizoning'inia juu ya vichwa vyenu ni hizo hizo. Mwalimu alipoziona dukani alifurahi kama mtoto. Akanunua, akafungua, akachungulia ndani, akaenda kuunga ya kwake. Alibadilisha kila kitu, taa ya meza yake ya redio, tochi, mpaka taa ya chooni. Makambi yalipofika, ile balbu ya njano akaifunga kwenye tambara akaiacha kabatini. Kwenye mti akatundika kitu kipya, kidogo, cheupe, kikali hata mahema ya jirani yakawa kama mchana. Wanaume wakakusanyika.

"Mwalimu, hiki kidude kinakula betri kiasi gani?"

"Kinakula?" mwalimu akacheka. "Hiki hakili, kinaonja tu! Betri moja, juma zima, usiku kucha. Hakichomi mkono. Lori liruke kwenye makorongo litakavyo, hakuna kiuzi cha kukatika. Na hakihitaji mtu wa kukaa nacho. Unawasha, unalala."

Yote aliyosema ni kweli. Hata mimi ningepiga makofi.

Na unajua nani alifurahi kuliko wote? Mama. Sikilizeni alivyowaza, maana mawazo haya ni ya mama kabisa. Alisema moyoni, ile ya njano ilikuwa inazimwa. Labda mwanangu aliwahi kuja, akachelewa, akakuta giza, akakata tamaa. Lakini hii itawaka mpaka kunapambazuka. Saa yoyote atakayokuja, ataiona. Mmemsikia mama? Msije mkadhani walimsahau mtoto wao. Walidhani wamemwongezea mwanga.

Ibada ya jioni ikaisha. Mwalimu akarudi hemani, na mkono, kwa mazoea, ukakishika kigoda. Akasimama nacho. Akaitazama taa, akaitazama betri. Sasa akikaa, atasema analinda nini? Kambi nzima imemsikia akijigamba kwamba haihitaji mtu.

"Leo hukai, Baba Nakundwa?" mkewe akamuuliza polepole.

Alikuwa anataka kukaa. Nawaambieni, alikuwa anataka sana. Lakini akasema, "Nikae nifanye nini? Hii inajitegemea."

Na mkewe, ambaye miaka yote ile alikuwa anajua, siku ile angeweza kusema neno moja tu. Angesema, "Kaa, tumngoje mtoto." Hakusema. Aliona haya kumwaibisha mumewe. Akasema, "Kweli, itawaka yenyewe. Njoo ulale." Kigoda kikarudi ndani. Wakalala fofofo, usingizi ambao hawakuwahi kuupata makambini tangu binti yao aondoke.

Kulipokucha, mama akachukua ndoo kwenda bombani. Getini akamkuta shemasi aliyekuwa zamu, kijana wa watu, anapiga miayo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole kwa kukesha."

"Asante. Lakini mama, mgeni wenu wa jana, mbona mlimwacha akaondoka?"

"Mgeni gani?"

"Yule dada mwenye mtoto mgongoni. Mlikuwa mmeshalala, nadhani. Alifika hapa na bodaboda, akaulizia hema la Mwalimu. Nikamwambia, fuata taa ile nyeupe kuliko zote. Mama, dada yule alikuwa karibu kukimbia! Haukupita muda namwona anarudi. Nikamuuliza, hukuwapata? Akasema, nimewapata, wamelala. Nikamwambia, sasa si uwaamshe, mbona taa inawaka? Akacheka kile kicheko cha mtu anayezuia kilio. Akasema, 'Kaka, kwetu taa haiwaki watu wakiwa wamelala. Niliambiwa na watu kwamba baba bado kila makambi anakaa nje, anasema analinda betri. Nikajua ni mimi anayeningoja, ndiyo maana nimekuja. Leo nimekuta taa inawaka na chini yake hakuna mtu. Nimechelewa mwaka mmoja.' Akapanda bodaboda ile ile, wakateremka."

Mama alimshika shemasi mkono. "Hakuita? Hakubisha hodi?"

"Anasema alisema hodi mara moja, kwa sauti ndogo. Mtoto alikuwa amelala."

Nasikia mnaguna. Mnasema, kwa nini asipaze sauti? Wewe uliyefukuzwa kwa neno "usinitafute," ungepaza? Ungefungua zipu ya hema la mtu aliyekuambia hivyo? Yule binti alikuja na nguvu zilizomtosha kufika mpaka kwenye kigoda. Kama angemkuta baba yake amekaa, akasikia "Umefika?" tu, yote yangekwisha. Kuanzia pale kwenda mbele hakuwa na nguvu nyingine.

Mama akaiacha ndoo hapo hapo getini. Akarudi hemani mikono mitupu. Akamkuta mwalimu amezungukwa na wanaume, amechuchumaa, anawaonyesha betri. "Tazameni wenyewe! Imewaka usiku kucha na haijashtuka!"

Mkewe akasimama nyuma yao. Kwa mara ya kwanza hakumwita Baba Nakundwa. Akasema, "Mwalimu, betri yako ni nzima. Nakundwa alikuja, na ameondoka."

Mwanamume yule alikaa chini, kwenye majani yenye umande, na suruali yake ya ibada, akalia mbele ya watu. Mkewe akakaa kando yake akalia pia, maana ni yeye aliyesema njoo ulale. Walituma kijana akawahi stendi. Basi la alfajiri lilikuwa limeshaondoka.

Jioni ile mwalimu akatoa kigoda. Akakaa chini ya taa ile isiyohitaji mtu. Jirani mmoja, ambaye hakuwa na habari, akapita akamtania kwa sauti. "Vipi, Mwalimu! Betri imeanza kusumbua?"

Na mwalimu akajibu, watu wa mahema yote wakasikia, "Betri haina shida. Namngoja mtoto wangu."

Mnataka niwaambie kwamba alirudi. Nawaona machoni. Mnataka niseme usiku ule ule bodaboda ilisimama getini, tuimbe, twende tukale. Sitasema. Sijui kama alirudi. Ninachojua ni kwamba neno lile, "namngoja mtoto wangu," lingesemwa miaka mingi nyuma, lingemfikia binti huko aliko kabla hajapanda basi. Watu wangelibeba, kama walivyobeba ile habari ya betri.

Sasa tuje kwetu sisi. Sisi tunawasha taa nyingi. Tunasema, mlango wangu uko wazi, yeye tu ndiye haji. Tunasema, nimemsamehe, akitaka aje. Tumeandika "Karibuni" kubwa juu ya mlango wa kanisa, tumeipaka rangi, inaonekana toka barabarani. Ni taa hiyo, na ni nzuri, na haitugharimu kitu, kwa sababu tumeiwasha tukaenda kulala. Mtu aliyeondoka kwa hasira zetu anakuja mpaka chini yake, anatazama, anakuta hakuna aliyekaa. Je, unadhani atahesabu ukali wa mwanga? Anatafuta kigoda chenye mtu.

Na wengine wetu tunangoja kweli, tena kwa machozi, lakini tunaona aibu kuonekana tunangoja. Baba, unakwenda mjini "kuangalia bei ya mbolea," na unapita mtaa anaokaa mwanao, unarudi bila kubisha. Bei ya mbolea inaangaliwa kila juma? Mama, unapika sahani ya ziada unasema ni ya mbwa. Dada, kila siku unafungua picha ya mwenzako kwenye simu, mtu akikaribia unasema unatazama saa. Acheni. Visingizio hivi vitaisha siku moja, kama betri ya mwalimu ilivyoacha kuhitaji mlinzi, na tusipokuwa tumejifunza kungoja bila kisingizio, tutakwenda kulala siku ile ile mtu wetu anapokuja. Mungu mwenyewe haoni haya kutungoja hadharani. Anatuita kwa majina, watu wote wanasikia, na hajawahi kusema analinda kitu kingine.

Kwa hiyo mkitoka hapa, utakapowasha taa mbele ya hema lako, kaa. Huna nia ya kukaa? Izime. Afadhali mtu aliye njiani akute giza apapase na kuita kwa nguvu, kuliko akute mwanga aamini hangojwi tena.

Na kabla hamjainuka, tufanye jambo moja. Kila mtu humu ana mmoja anayemngoja. Usimtaje moyoni, huko moyoni umeshamtaja miaka mingi na hajasikia. Mtaje kwa kinywa, jina lake, jirani yako asikie. Wanaume ndio mtakaoanza. Mimi nanyamaza.